Lita Tano za Mteremko wa Ziwani

Kabula, mama yangu,

Mama yako ameshakufungia mizigo, na maneno ameshakufungia pia. Blanketi, dawa, namna ya kuishi na wenzako bwenini, simu usimwazime mtu usiyemjua. Mimi hayo sirudii, nikiongeza langu utasema nyie wazazi mnapokezana zamu. Umeenda Makanyagio kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua dada yangu hakuachii mpaka umekula kwake. Kwa hiyo nina kama saa mbili. Nimekaa ndani ya gari la bosi hapa uani, daftari lako la zamani la fizikia nimeliegemeza kwenye usukani, waya umetokea dirisha la sebuleni mpaka hapa ubavuni, na gari linakula umeme wake kimya kimya. Kuku wamejipumzisha chini yake kama kawaida yao.

Nina jambo la kukuambia kuhusu mguu wa mama yako. Ukimaliza kusoma unaweza usitake tena kusomea hayo unayokwenda kusomea, na unaweza usitake kuniita baba kwa muda. Yote mawili nimeyafikiria. Lakini siwezi kukuacha upande basi kesho na ile sababu uliyonayo moyoni, maana sababu yenyewe nilikupa mimi, na si ya kweli. Nitalifikia. Niache nianze na gari, kwa sababu mimi bila gari siwezi kuanza kusema kitu, unanijua.

Unakumbuka siku bosi alipolileta kutoka Dar? Sisi tulizoea lile lake la zamani, linanguruma mpaka wafanyakazi wa mashine yake ya mpunga kule kijijini Mamba wanajua tajiri anakuja. Hili likaingia hapa Kawajense kimya kama limekuja kuiba kuku. Watu saba wanaenea ndani, na mizigo juu. Bosi akanikabidhi, akasema, "Mzee, hii inatumia petroli na umeme. Unachomeka ukutani kama simu. Mafuta utayasahau." Nikaitikia ndiyo bosi, moyoni nacheka. Miaka thelathini nipo barabarani, mimi najua magari ya aina mbili tu, linalokunywa na linalokunywa sana.

Basi wiki mbili nzima sikulichomeka. Nikajisemea, kwa radi hizi za Katavi na umeme wetu unaokwenda na kurudi, nichomeke gari ukutani nichome nyumba? Na likanywa, tena likanywa haswa. Nikamwendea bosi kifua mbele: "Bosi, hapa umepigwa." Akanuna, maskini. Mimi nikafurahi kabisa, maana hakuna kitu kitamu kwa dereva mzee kama kuona gari jipya limeshindwa.

Wewe ndiye uliyenivua nguo. Ulirudi kutoka gereji na grisi mpaka kwenye viwiko, ukafungua buti kutafuta jeki, ukatoa mfuko wenye waya mnene, bado umefungwa na nailoni yake ya dukani. "Baba, hii ni nini?" Nikakujibu bila aibu kwamba ni waya wa kubustia likizimika. Wee! Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Baba jamani! Wiki mbili umelibebesha betri tupu! Gari zito hivi, limebeba betri kubwa ambayo haina kitu, kwa nini lisinywe?" Mama yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini, akaanza kucheka na yeye bila hata kuelezwa.

Tukalichomeka. Asubuhi nikabonyeza kitufe, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikakuita kwa hasira kwamba hilo limekufa, ukachungulia dirishani ukaniambia, "Baba, linawaka hilo. Ondoa mguu kwenye breki." Likaondoka. Aisee, lilitembea kama linasukumwa na mtu mwenye adabu. Sokoni, stendi, hospitali kumchukua mke wa bosi, kanisani, nikarudi nyumbani, injini haijaamka hata mara moja. Kesho yake hivyo hivyo. Baada ya siku kama kumi hivi yule kijana wa kituo cha mafuta akanisimamisha njiani. "Mzee umehama Mpanda? Au tumekukosea?" Nilishangaa, mama. Nilikaa humu ndani ya gari hapa uani nikaushika usukani huku gari limezimwa, nikashangaa kama mtoto.

Jioni ile nikakuomba unieleze. Ukachukua msumari ukachora chini kwenye vumbi, hapa betri, hapa mota, hapa injini, na mishale. Ukasema mota ikilisukuma gari inakula umeme, lakini gari likiisukuma mota, mfano kwenye mteremko, mota inageuka kuwa ya kuzalisha, inarudisha umeme kwenye betri. Nilikuuliza mara tatu. Mara ya tatu nikakumbuka dainamo ya baiskeli ya babu yako, ile aliyokuja nayo kutoka Usukumani nyuma ya ng'ombe: ukiibana kwenye tairi taa inawaka, lakini baiskeli inakuwa nzito miguuni. "Hiyo hiyo, Baba," ukasema. "Ule uzito ndio umeme." Nilikuangalia umechuchumaa pale na msumari wako, nikajiuliza huyu mtu nilimzaa mimi kweli? Sijawahi kukuambia hili, kwa hiyo nakuambia leo.

Sasa ile safari ya Kapalamsenga, kule ziwani.

Bosi alinituma kupeleka magunia mawili ya mchele wa harusi ya nduguye, na wewe ukaomba kuja uone gari likifanya kazi njia ndefu. Tuliondoka na chaji imejaa na tenki limejaa. Umeme ukaisha njiani kabla hatujafika mbali, kama ulivyosema, injini ikaingia, na wewe umekodoa macho kwenye kile kioo chenye namba mbele yetu unanisomea kila kitu. Milima ikija linakunywa, hukunificha. "Hapa linakula kama mengine tu, Baba, haina uchawi." Nikafurahi kidogo, bado nilikuwa na ile roho ya kutaka lishindwe. Tukafika pale juu, ziwa linaanza kuonekana, mteremko uko mbele. Kioo kinasema kilomita za umeme zilizobaki ni sifuri.

Tukaanza kushuka. Mshale wa kwenye kioo ukageuka kijani. Sikukanyaga breki wala mafuta, na gari halikukimbia. Lilijishika lenyewe. Lilikuwa linashuka kama mzee anayeshuka ngazi, hatua kwa hatua, na kila linapojishika ile namba inapanda. Moja. Mbili. Ukaanza kupiga makofi. Mimi macho yalinitoka. Mlima ule ule niliouteremka maisha yangu yote nikidhani haunipi kitu zaidi ya vumbi, kumbe ulikuwa unagawa.

Halafu mkono wangu ukaenda.

Unakumbuka. Mimi sikuutuma. Ulikwenda wenyewe kwenye kigingi cha gia, ukakisukuma frii, gia ikatoka. Mshale wa kijani ukazimika, gari likaanza kuachia, na wewe ukanipiga mkono, pa! "Baba! Unafanya nini? Ukiweka hapo linaacha kukusanya!" Nikarudisha. Nikasema mazoea, mama, mazoea. Ukatikisa kichwa, ukacheka, ukasema, "Mtu gani anaweka frii mteremkoni? Huyo si anatafuta kuua watu?"

Nikacheka na mimi. Lakini jasho lilikuwa limenitoka mpaka shati likanata kwenye kiti, na wewe ukadhani ni joto la ziwani, ukaniongezea kiyoyozi. Tulipofika chini kioo kilisema saba. Kilomita saba za bure, zimetoka kwenye kushuka tu. Ulifurahi sana. Ukasema ukimaliza chuo utarudi kuwaonyesha madereva wote wa Mpanda.

Mtu anayeweka frii mteremkoni ni mimi, Kabula.

Ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa naendesha lori dogo la tajiri mmoja wa samaki, njia hiyo hiyo. Desturi yetu ilikuwa hivi, na bado wapo wanaoifuata: tajiri anakupimia dizeli ya kwenda na kurudi, utakachobakiza ni chako. Basi kila dereva na ujanja wake, na ujanja mkubwa kuliko wote ulikuwa frii. Ukifika juu ya mteremko unatoa gia, na ukijiona kidume hasa unazima na injini, lori linateremka kwa uzito wake, unasikia upepo tu. Tulikuwa tunashindana. Ukifika chini unawaambia wenzako, leo nimebakiza kidumu. Kidumu cha lita tano. Nilikuwa bingwa, na nilikuwa najua vizuri kabisa kwamba breki za lori lile zinasaidiwa na injini, kwamba ukizima unabaki na mikanyago miwili mitatu tu, halafu basi. Kila dereva anajua. Tulikuwa tunajisifu kwa kuijua hesabu ya mikanyago.

Siku ile mama yako alikuwa pembeni yangu, anakwenda kununua migebuka, samaki wa ziwani. Nilipozima aliniuliza, "Mbona umezima?" Nikamjibu, "Tulia, mama Kabula, huu ndio udereva." Hayo maneno nayasikia mpaka leo, na sauti niliyoyasemea, ya majivuno. Kona ya tatu ng'ombe walikuwa wanavuka. Nikakanyaga mara ya kwanza, likapungua. Ya pili. Ya tatu ikawa kama nimekanyaga jiwe. Nikalipeleka ukingoni ili nisiingie bondeni, na upande uliogonga mwamba ulikuwa wake.

Alipokuja askari aliniuliza maswali matatu. Breki zilitengenezwa lini? Nikasema juzi. Zilitengenezwa na nani? Nikasema Fundi Nestori. Zilishika? Nikasema mwisho zilikataa. Ona sasa. Hakuna hata jibu moja la uongo hapo, mama. Nilisema kweli tatu, na zote tatu zikamwangukia mtu mwingine.

Fundi Nestori ni yule uliyekua ukisikia anaitwa "yule fundi". Hujawahi kusikia jina lake humu ndani, na hilo nalo lilikuwa kazi yangu. Alikuwa na gereji yake hapa hapa Kawajense, fundi wa breki hakuna mfano, tulikuwa tunakula sahani moja. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alizaliwa huku huku, lakini wakati ule karatasi za uraia alikuwa bado anazisubiri. Siku ya ajali pale pale barabarani kuna mtu alisema, "Si nilisema, hawa wakimbizi mnawapa magari yenu." Wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa nimemshika mama yako mikononi nikanyamaza. Mimi, mtoto wa Msukuma aliyekuja huku na ng'ombe akaitwa mvamizi mpaka akazeeka.

Alikuja hospitali siku ya tatu, na uji kwenye chupa. Mama yako alikuwa amelala kwa dawa. Akasimama miguuni pa kitanda, akaniambia taratibu, "Nimekwenda kuliangalia lori, dereva. Gia iko frii. Funguo imezimwa. Breki nimewasha injini nikazikanyaga, zipo." Nikamwambia, "Sijui, fundi." Akaniangalia. Alikuwa anaweza kwenda polisi akalisema hilo. Lakini mtu anayesubiri karatasi hagombani na mtu, na mimi nilijua hagombani, ndiyo maana niliweza kumjibu vile. Akasema, "Sawa." Akaacha uji akaondoka.

Wateja wakamkimbia. Watoto wakawa wanapita gerejini kwake wanaimba breki, breki. Kabla mwaka haujaisha akafunga akahamia ziwani. Na wewe ukakua ukimwona mama yako anaburuza mguu kwenda bombani, ukauliza kwa nini, nikakuambia fundi mmoja alifunga breki ovyo. Ulipokuwa darasa la tano ukasema utakuwa fundi ili hilo lisimpate mama wa mtu mwingine. Nilikusifia. Nilikununulia spana yako ya kwanza. Kila mtu hapa mtaani anajua kwa nini Kabula anasomea magari, na mimi nasikiliza wanavyokuelezea, naitikia kwa kichwa.

Turudi Kapalamsenga. Tulishusha mchele, tukageuza, tairi likapasuliwa na jiwe. Ukafungua buti, ukaniambia halina tairi la akiba, mahali pake wameweka betri. Nikachoka. Watoto wakasema yupo fundi wa injini za mitumbwi, anaziba na matairi. Nilijua ni nani kabla hatujafika. Ningeweza kukuambia mimi nabaki kwenye gari, lakini miguu yangu ilikufuata.

Alikuwa ameinama kwenye injini ya mtumbwi. Kichwa kimekuwa cheupe chote. Ukamwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu, karibuni." Akaniona. Akasema, "Karibu, dereva," kama vile tulionana jana. Akaziba tairi, na wewe ukamwonyesha gari. Mlikaa pale muda mrefu mmeinamisha vichwa, sijawahi kukuona unaongea na mtu mzima hivyo. Alikuuliza kama breki zake zinachakaa. Ukamwambia kidogo sana, kwa sababu mteremkoni mota ndiyo inayolishika gari, na injini hata ikizimika yenyewe breki zina umeme wake. Akapitisha kiganja kwenye boneti, polepole sana. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Hili wangelileta mapema." Wewe ukacheka, ukadhani anasifia.

Halafu akakuuliza, "Mama yako hajambo?"

Ukamjibu hajambo, ila mguu. Ukamweleza. Ukamwambia, "Kuna fundi mmoja wa pale Mpanda alimlemaza mama yangu, mzee. Alifunga breki ovyo. Ndiyo maana nasomea." Ulimwambia yeye. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona mkono wake ulioshika spana. Nikasema moyoni, sasa atasema. Nilitamani aseme, wallahi, anitoe kwenye hiyo kazi. Akaifuta spana kwa kitambaa, upande huu na upande huu, akakuambia, "Pole, mwanangu. Soma vizuri." Akakupa na namba yake ya simu. Akasema ukikwama huko chuoni kwenye mambo ya breki, umpigie.

Mimi nikanyamaza. Hiyo ikawa mara ya tatu ya kuificha kweli, barabarani, hospitali, na hapo.

Njia nzima ya kurudi uliniongelea yeye. "Yule mzee ndiye fundi, Baba. Wangekuwepo wawili kama yule Mpanda, mama angekuwa anatembea." Tulifika nyumbani ukaangalia geji ya mafuta ukanionyesha, mshale umeshuka kama robo tu, kwenda na kurudi, milima yote ile. Lile gari la zamani lingeshakunywa nusu tenki na zaidi. Ulikuwa unashangaa, na mimi nilikuwa nashangaa, lakini mimi nilikuwa namshangaa mtu. Mtu anawezaje kusukumiwa mzigo mzima kama ule, miaka yote hiyo, akabaki na upole wa kumwambia binti wa aliyemsukumia, soma vizuri? Sijui amefanyaje. Mimi nimewahi kumchukia mtu miaka miwili kwa sababu ya kuku.

Jumatatu nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia yote, frii, funguo, uji wa Nestori, na ulichomwambia Nestori kule ziwani. Hakuacha kuchambua. Nikamaliza, akaniuliza, "Ulitaka kubakiza lita ngapi?"

Nikasema tano.

Akatoa jiwe kwenye mchele akalitupa. Akatoa jingine. Nikasubiri anitukane, na ningeshukuru. Akasema, "Kabula ajue kabla hajapanda basi." Akainuka na ungo wake, na ule mguu, akaingia jikoni. Tangu siku hiyo ananisalimia, ananipa chakula, basi. Umeona wiki hii yuko kimya ukadhani ni kwa sababu unaondoka. Kwa sababu unaondoka ndiyo, lakini si hiyo tu.

Kuhusu chuo sijui nikuambie nini. Nimeandika mstari hapa nikaufuta, mara mbili. Najua umejenga kila kitu juu ya ubaya wa fundi mmoja, na sasa nakuambia fundi yule alikuwa mzuri na mbaya alikuwa dereva. Ninachojua ni nilichokiona. Siku ile umechuchumaa na msumari kwenye vumbi hukuwa unamfikiria mtu yeyote unayemchukia. Ulikuwa unafurahi tu. Hiyo furaha sikukupa mimi, kwa hiyo siwezi hata kukunyang'anya. Ukiamua vingine utakuwa umeamua wewe, na mama yako atakuelewa kabla yangu.

Sasa kuhusu kesho, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Basi lako linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Gari la abiria la kwenda ziwani linaondoka saa kumi na moja, na mimi nitakuwemo. Sitakuja stendi. Nimejipigia picha mara ngapi, nakubebea begi, nakuchagulia kiti cha dirishani, namsumbua dereva wenu kwa maswali mpaka unaona aibu. Lakini ninajijua, mama. Nikikusindikiza nitalia, nitarudi nyumbani nitalala, keshokutwa nitasema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo nimeisema toka una miaka sita. Bosi nimemwomba ruhusa, na gari lake nimekataa, sitaki kufika kwa Nestori nimejificha nyuma ya gari zuri.

Nitamwambia Nestori nilichokuandikia hapa. Halafu nitamwomba turudi naye Mpanda, na kama akikubali nitapita naye kwa kila aliyekuwa akiimba, wale watoto sasa ni watu wazima wenye bodaboda, na kwa askari kama bado yupo, niseme mbele yake. Akikataa kurudi nitakwenda kusema peke yangu. Akinifukuza ni haki yake. Sijui itakuwaje, nina hofu kuliko siku ya ajali yenyewe.

Barua hii mama yako atakupa utakapokuwa umeshakaa kwenye kiti. Ndivyo tulivyokubaliana, yeye ndiye aliyechagua. Najua utaanza kuisoma kabla basi halijatoka stendi, na najua kitu cha kwanza utakachotaka kufanya. Namba yake unayo.

Nakuomba kitu kimoja tu, mayu, mama yangu. Usimpigie kabla ya saa nane mchana. Nataka alisikie kutoka mdomoni mwangu kwanza, nimesimama mbele yake, akiwa na nafasi ya kuniangalia usoni kama alivyoniangalia hospitali. Nipe mpaka saa nane. Baada ya hapo mpigie, muulize chochote unachotaka. Na atakachokuambia kuhusu mimi, mwamini.

Baba yako